Flashi ilifika Chake bila viungo: uchambuzi wa kisa cha amri ya mradi iliyokataa kuitika

Tovuti yenyewe ni ndogo: nyumba ya wageni upande wa Wete, kurasa 12 za HTML, picha za ufukwe, na faili moja la CSS (mitindo ya kurasa) linalozalishwa na Tailwind, zana ya kutengeneza CSS, toleo la 3. Ilijengwa Mji Mkongwe kwenye kompyuta ya Ubuntu. Dada aliyeijenga akaikabidhi kwa kijana wa Chake Chake, ambaye ndiye atakayekuwa akibadilisha bei na picha, na yeye pia anatumia Ubuntu. Folda nzima ya mradi, pamoja na node_modules yake (ambamo npm, msakinishaji wa pakiti za JavaScript, huweka pakiti za mradi), ilinakiliwa kwenye flashi, ikapanda boti ya Mkoani, na jioni ikawa Chake. Nia ilikuwa njema: kijana asimalize bando lake kwa kupakua vitu ambavyo Unguja vimeshapakuliwa.

Usiku ule kijana alifungua terminali, akaingia kwenye folda ya mradi na kuandika kama alivyoelekezwa:

```
$ npm run css
sh: 1: tailwindcss: not found
```

Akatuma ujumbe Unguja: "Dada, kwangu inasema haipo." Akajibiwa: "Ipo, mbona nimeiweka mwenyewe? Itazame ndani ya node_modules." Akatazama, na kweli folda ya node_modules/tailwindcss ilikuwepo, imejaa mafaili. Dada alisema kweli, na kompyuta nayo ilisema kweli. Kilichokosekana ni kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja.

Amri ya mradi hukaa wapi

Hiki ndicho kiini cha package.json ya mradi huu, faili linaloorodhesha skripti zake na pakiti zake:

```
{
  "scripts": {
    "css": "tailwindcss -i ./src/mtindo.css -o ./public/mtindo.css --minify"
  },
  "devDependencies": {
    "tailwindcss": "^3.4.17"
  }
}
```

Pakiti yoyote ya npm yenye amri ndani yake huitangaza amri hiyo kwenye package.json yake yenyewe, katika sehemu iitwayo bin. Tailwind 3 inatangaza kwamba jina tailwindcss linaelekea kwenye faili lib/cli.js. Kwa hiyo npm inaposakinisha hufanya kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Hufungua mafaili ya pakiti na kuyaweka ndani ya node_modules/tailwindcss. Kisha husoma ile bin na kutengeneza mlango wa amri ndani ya folda nyingine, node_modules/.bin. Jina la folda hii linaanza na nukta, kwa hiyo kwenye Linux haionekani kwa ls ya kawaida wala kwenye kidirisha cha mafaili mpaka uombe vilivyofichwa. Watu wengi wanaotumia npm kila siku hawajawahi kuifungua.

Kwenye Linux na macOS, mlango huo si nakala ya programu. Ni kiungo cha ishara, kijifaili kisicho na kitu ndani isipokuwa anwani ya faili jingine. Kwenye kompyuta ya Unguja kilikuwa kinaonekana hivi:

```
$ ls -l node_modules/.bin/tailwindcss
... node_modules/.bin/tailwindcss -> ../tailwindcss/lib/cli.js
```

Unapoandika npm run css, npm kwanza hutanguliza node_modules/.bin mwanzoni mwa PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), kisha hukabidhi mstari wa skripti kwa sh, programu inayotekeleza amri. Ndiyo maana skripti imeandikwa tailwindcss tupu, bila njia yoyote, na bado inafanya kazi. Ukitaka kuiona PATH hiyo kwa macho yako, andika `npm run env | grep ^PATH=` na utazikuta folda za .bin zimepangwa mbele, kuanzia ya mradi na kupanda juu hadi mzizi wa diski.

Terminali yako yenyewe haina habari na hayo. Ukiandika tailwindcss peke yake katika mradi mzima kabisa, utajibiwa "command not found", na hilo si hitilafu. Amri ya mradi ni ya mradi. Nje ya mradi haina jina. Milango sahihi ya kuipitia ni mitatu: `npm run css`, au `npx tailwindcss`, au njia kamili `./node_modules/.bin/tailwindcss`. Yote mitatu huishia kwenye kiungo kile kile kimoja. Kiungo kikipotea, folda ya pakiti inaweza kuwa kamili na bado kusiwe na wa kuifungua.

Flashi ilifanya nini

Flashi nyingi za dukani huja zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, kwa sababu hizo husomeka kwenye kila kompyuta. Mifumo hiyo miwili ya mafaili haina mahali pa kuhifadhi kiungo cha ishara. Ukinakili kwa terminali, cp itakwambia waziwazi:

```
cp: cannot create symbolic link '...': Operation not permitted
```

Ukinakili kwa kuburuta na kipanya, kidirisha cha onyo kitatokea na kutoa nafasi ya kuruka faili hilo au kuruka yote ya aina hiyo. Mtu mwenye mafaili maelfu mbele yake na boti ya kuwahi hubonyeza kuruka yote. Mafaili ya kawaida yanapita, viungo vinabaki Unguja. Chake hali ilikuwa hii:

```
$ ls -A node_modules/.bin
$
```

Folda ipo, ndani hamna kitu. Mstari huo mmoja unatosha kumaliza ubishi wote wa "ipo" na "haipo", na ndio unaopaswa kuandikwa kwanza kabla ya kugusa chochote. Wa pili ni `npm ls tailwindcss`, unaoonyesha pakiti ipo na ni toleo gani. Pakiti ikiwepo na .bin ikiwa tupu, ugonjwa ni wa viungo. Pakiti isipokuwepo, ugonjwa ni wa usakinishaji. Tiba zake si moja.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili ambayo hupoteza watu zaidi, nayo ni zip. Amri `zip -r` ikikutana na kiungo cha ishara hukifuata na kuweka ndani ya kifurushi nakala ya faili linaloelekezwa. Ukifungua upande wa pili, node_modules/.bin/tailwindcss ipo na ni faili halisi, lakini limehamishwa kwao. Ndani yake limeandikwa lilete moduli jirani kwa anwani inayoanza na nukta, na ndani ya .bin hakuna jirani huyo. Matokeo ni "Cannot find module", na mtu huanza kuilaumu Tailwind. Kama ni lazima utumie zip, ongeza -y ili viungo vibaki viungo. Bora zaidi ni tar, ambayo hutunza viungo bila kuombwa; faili la tar linakaa vizuri kwenye FAT32 mradi lisifikie GB 4, ambacho ndicho kikomo cha faili moja pale.

Majaribio matatu, na kwa nini kila moja lilishindwa

Kijana hakukaa kimya kusubiri. Alijaribu vitu vitatu ambavyo karibu kila mtu angevijaribu, na kila kimoja kinafundisha kipande cha namna npm inavyofanya kazi.

La kwanza lilikuwa `npm install`. Likajibu "up to date". Jibu hili linaudhi lakini lina mantiki: npm hulinganisha orodha ya pakiti zinazotakiwa na zile zilizopo ndani ya node_modules, na hushughulikia zile tu zilizoongezeka au kubadilika. Pakiti zote zilikuwepo na matoleo yalikuwa sahihi, hivyo haikuona kazi. Npm yake, ya zamani kidogo, haikwenda kukagua kama milango ya .bin bado imesimama; npm za karibuni hukagua hilo.

La pili lilikuwa `npm install -g tailwindcss`. Kwanza likagonga ukuta wa EACCES, kwa sababu Node iliyowekwa na mfumo huhifadhi pakiti za jumla kwenye folda ya mfumo, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Akatanguliza sudo, likapita. Bando likaliwa, na amri bado haikuwepo:

```
$ tailwindcss --help
tailwindcss: command not found
```

Hapa tarehe ina uzito. Tailwind toleo la 4 lilitoka Januari 2025, na katika toleo hilo amri ilihamishwa kutoka pakiti ya tailwindcss kwenda pakiti yake peke yake, @tailwindcss/cli. Usipotaja toleo, npm huleta jipya kabisa. Kijana alipokea tailwindcss 4, ambayo haina bin hata moja, kwa hiyo hakukuwa na mlango wa kutengenezwa popote. Angeweza kulijua hilo kabla ya kutumia hata kilobaiti chache za ziada:

```
$ npm view tailwindcss bin
$ npm view tailwindcss@3.4.17 bin
```

Amri ya kwanza hairudishi kitu. Ya pili inarudisha jina na faili.

Na hata kama amri ingekuwemo, kuiweka kwa jumla kungekuwa kosa baya kuliko lile la mwanzo. npm run hutanguliza .bin ya mradi kwenye PATH, lakini haifuti PATH iliyobaki. Mlango wa mradi ukikosekana, sh huendelea kutafuta na kuikuta ile ya jumla, kisha kuiendesha bila neno. Siku hiyo mambo yanaonekana yamekubali. Miezi sita baadaye CSS ya Chake na CSS ya Unguja hazifanani, na hakuna anayejua tangu lini. Kitu kinachokataa kwa sauti ni nafuu kuliko kinachokubali kwa toleo jingine.

La tatu ndilo lililomchosha. Alifuta node_modules yote, akaamua kutumia npx, kwa kuwa alishaambiwa kwamba npx huendesha amri bila kuhitaji kusakinisha:

```
$ npx tailwindcss -i ./src/mtindo.css -o ./public/mtindo.css --minify
npm ERR! could not determine executable to run
```

Kwenye npm za karibuni mstari huo huanza na npm error badala ya npm ERR!. Maana ni ile ile.

Alichoambiwa kuhusu npx ni nusu ya ukweli. npx imekuja ndani ya npm tangu toleo 5.2 la mwaka 2017, na tangu npm 7 ya mwaka 2020 ni jina jingine la npm exec. Utafutaji wake una ngazi. Kwanza hutazama node_modules/.bin ya mradi, na ukiwa ndani ya folda ndogo hupanda juu kutafuta. Ikikosa, hutazama amri za jumla. Ikikosa hapo pia, huchukulia jina la amri kuwa ni jina la pakiti, hulipeleka kwenye ghala la npm na kuomba toleo la karibuni. Angalia kilichorukwa: ile "^3.4.17" iliyoandikwa kwenye package.json haisomwi katika safari hii. npx hutazama kilichopo kwenye diski, haitazami ulichoahidi kusakinisha. Diski ilikuwa tupu, ikaliendea toleo la 4, na toleo la 4 halina amri. "could not determine executable to run" ina maana hiyo hiyo iliyoandikwa: pakiti nimeipata, lakini sioni cha kuendesha ndani yake.

Kosa hili lilikuwa la bahati, kwa sababu lilisimama. Kuna majina ambayo hayasimami. Anayetaka mkusanyaji wa TypeScript akaandika `npx tsc` katika mradi usiosakinishwa, haletewi TypeScript. Ghala lina pakiti nyingine kabisa iitwayo tsc, na hiyo ndiyo inayoshuka. Amri na pakiti yake si lazima ziwe na jina moja, na asiyejua tofauti anaweza kuendesha msimbo wa mtu asiyemjua kwenye kompyuta yenye kazi za wateja. Namna salama ni kutaja pakiti waziwazi, `npx -p typescript tsc`, au kumfunga npx asipakue kabisa:

```
npx --no tailwindcss --help
```

Kwa --no, npx ikikosa amri kwenye diski hukataa badala ya kuuliza. Katika maelekezo yoyote unayomwandikia mtu mwingine, hiyo ndiyo ya kuandika.

Tiba

Kama kijana asingefuta node_modules, tiba ingekuwa amri moja, tena bila intaneti:

```
rm -rf node_modules/.bin
npm rebuild
```

npm rebuild hujulikana kwa kujenga upya pakiti zenye sehemu za C au C++, lakini kazi yake ya pili ni kusoma bin za pakiti zote zilizopo na kutengeneza viungo upya. Pia hurudisha ruhusa ya kuendeshwa kwa mafaili ya amri, jambo linalohitajika kwa vitu vilivyopita kwenye FAT, kwa kuwa nako ruhusa za Linux hazihifadhiwi. Ule mstari wa kwanza, wa kufuta .bin, ni kwa ajili ya walioletewa zip: mle kuna mafaili halisi yaliyokalia nafasi ya viungo, na ni bora yaondoke kabla.

Tahadhari moja. Hili linafaa pale kompyuta zote mbili zinapotumia mfumo mmoja na aina moja ya prosesa. Tailwind 3 ni JavaScript karibu yote, hivyo inasafiri. Zana kama esbuild hubeba programu iliyokusanywa kwa mfumo maalumu, na node_modules ya Windows haitaifaa Ubuntu hata viungo vikirudi vyote.

Lakini folda ilikuwa imeshafutwa. Kilichobaki ni package.json na package-lock.json, na hivyo viwili vinatosha. Kwanza kuondoa uchafu wa jaribio la pili, ili usije ukajificha nyuma ya PATH:

```
sudo npm uninstall -g tailwindcss
hash -r
```

hash -r ni kwa ajili ya bash, ambayo hukumbuka mahali ilipoikuta amri mara ya mwisho na wakati mwingine hung'ang'ania anwani iliyokwisha kufutwa. Kisha:

```
npm ci
npm run css
```

npm ci na si npm install. npm ci hufuta node_modules ikiwa ipo, husakinisha matoleo yale yale yaliyoandikwa kwenye package-lock.json, na hugoma ikiwa faili hilo halikubaliani na package.json. Mgomo huo ni rafiki: unakwambia mapema kwamba mtu alibadilisha kimoja akasahau kingine.

Na bando je?

Wazo la mwanzo la kuokoa bando lilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mzigo. Kitu cha kusafirisha kwa flashi si node_modules, ni kache ya npm. Kila pakiti npm inayopakua huiweka pia kwenye kache, na kache hiyo haina viungo vya ishara: ni mafaili ya kawaida yaliyopewa majina kwa alama ya hesabu ya yaliyomo. FAT32 inaibeba bila malalamiko, na npm inapotoa kitu humo huihakiki alama hiyo dhidi ya package-lock.json. Faili likiharibika njiani, halitumiki.

Unguja, kujua kache iko wapi:

```
npm config get cache
```

Kwenye Linux kwa kawaida ni ~/.npm, na kinachohitajika ni folda ya _cacache iliyomo ndani yake. Kabla ya kuinakili, `npm cache verify` huondoa takataka na kupunguza uzito. Kompyuta iliyotumika miaka inaweza kuwa na kache kubwa isiyohusiana na mradi. Dawa ni kutengeneza kache safi ya mradi huu tu:

```
npm ci --cache ./kache-ya-safari
```

Folda hiyo ndiyo inayopanda boti, pamoja na mradi usio na node_modules. Chake, inakiliwe kwanza kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta, kisha:

```
npm ci --cache ~/kache-ya-safari --prefer-offline
npm run css
```

--prefer-offline ina maana: tumia kilichomo kwenye kache, na kinachokosekana tu ndicho kiletwe kwa mtandao. Ukitaka uhakika kwamba haigusi bando hata kidogo weka --offline. Ikikosa kitu itakataa na kukitaja. Folda ya kache-ya-safari iandikwe kwenye .gitignore pembeni ya node_modules, la sivyo itaingia kwenye hazina ya msimbo na kubaki humo.

Mpangilio huu una faida nyingine ambayo wa visiwani tutaithamini: flashi ile ile inamfaa mtu wa tatu na wa nne. Kache moja, kompyuta nyingi, na kila moja inajengewa viungo vyake yenyewe papo hapo na npm yake yenyewe.

CSS nyembamba

Siku iliyofuata ujumbe mwingine ulitoka Chake. Amri imeitika, hakuna kosa, lakini tovuti imevuliwa nguo: maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, hakuna rangi, hakuna mpangilio. Kijana alikuwa ndani ya folda ndogo ya kurasa na kuandika:

```
npx --no tailwindcss -i ../src/mtindo.css -o ../public/mtindo.css --minify
```

npx iliipata amri, kwa sababu hupanda juu kutafuta .bin. Lakini npx huendesha amri pale pale uliposimama. Tailwind 3 nayo hutafuta tailwind.config.js kuanzia pale unapoiendeshea, na njia zilizoandikwa kwenye content za mpangilio huo huhesabiwa kuanzia hapo hapo. Ndani ya folda ya kurasa haikukuta mpangilio wala kurasa za kusoma, kwa hiyo ikatoa CSS ya msingi tu. Onyo lilikuwepo kwenye terminali likiwa limetanguliwa na neno warn, na onyo lisilo jekundu hupitwa kirahisi.

npm run haina mtego huu. Popote ulipo ndani ya mradi, hurudi kwanza kwenye folda yenye package.json na ndipo huendesha skripti. Kwa sababu hiyo moja tu, amri inayorudiwa kila wiki iandikwe kwenye scripts. Npx ibaki kwa kutazama toleo au kujaribu kitu mara moja. Ukihitaji kuongeza chaguo kwenye skripti, litenganishe kwa vistari viwili (--): `npm run css -- --watch`. Bila vile vistari viwili vya kwanza, npm hulichukua chaguo kuwa ni lake.

Kuna wanaochoka na yote haya na kuandika `export PATH="./node_modules/.bin:$PATH"` ndani ya .bashrc. Inafanya kazi, na ni hatari. Njia inayoanza na nukta hubadilika kila unapohama folda. Ukiingia kwenye mradi uliotumiwa na mtu, na ndani ya .bin yake kuna faili liitwalo ls, ls yako ya kwanza itakuwa ni ya kwake. Anayetaka raha hiyo atumie direnv, programu inayobadilisha PATH kwa folda moja moja: mstari `PATH_add node_modules/.bin` ndani ya .envrc, na `direnv allow` kwa mradi anaouamini tu.

Windows ya mapokezi, na seva

Nyumba ya wageni ina kompyuta ya Windows mezani mapokezi, na ilitakiwa nayo iweze kuzalisha CSS. Huko npm haitengenezi viungo. Hutengeneza vijifaili vitatu kwa kila amri, kimoja cha sh, kimoja cha .cmd, kimoja cha .ps1. Mambo mawili yalijitokeza. Skripti ambayo mtu alikuwa ameibadilisha kuwa `./node_modules/.bin/tailwindcss` ilikataa, kwa sababu npm kwenye Windows hukabidhi skripti kwa cmd, na cmd huisoma ile nukta ya mwanzo kuwa ndiyo amri. Ikarudishwa kuwa tailwindcss tupu, ikakubali pande zote. La pili ni PowerShell kukataa npx kwa maelezo kwamba kuendesha skripti kumezimwa kwenye mfumo. Si lazima kulegeza ulinzi wa kompyuta kwa ajili hiyo: andika npx.cmd au npm.cmd, au fungua cmd ya kawaida.

Seva ilileta kosa lile lile la usiku wa kwanza, "could not determine executable to run", ingawa hakuna flashi iliyofika huko. Maelekezo yake yalikuwa `npm ci` ikifuatiwa na `npx tailwindcss`, na mazingira yake yamewekwa NODE_ENV=production. Kwa thamani hiyo npm huacha devDependencies zote (pakiti za wakati wa ujenzi tu), na Tailwind imo humo. npx haikukuta amri kwenye mradi ikaenda ghalani. Huko ikakuta toleo la 4, lisilo na amri. Ubovu huu unaweza kukaa miezi: siku seva ilipowekwa toleo la karibuni lilikuwa bado la 3, npx ikalipakua hilo kimya kimya, kwa kuwa seva haina mtu wa kuulizwa na npx huchukulia jibu kuwa ni ndiyo, na kila mtu akaamini maelekezo ni sahihi.

Mistari ya seva sasa ni hii:

```
npm ci --include=dev
npm run css
npm prune --omit=dev
```

Zana za ujenzi zinaingia, zinafanya kazi, zinaondolewa. Na kwenye karatasi iliyobandikwa mezani Chake, neno npx halimo. Mna `npm ci` ya mara moja, `npm run css` ya kila mabadiliko, na `ls -A node_modules/.bin` ya siku mambo yatakapokataa.